Mzigo wa Louisa haukuwa kanda la usufi

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukimwona mwenzako amejitwika, wewe uliye kando unadhani amebeba kitu chepesi, hata kama shingo yake inakaribia kuvunjika.

Nimeikumbuka methali hii juma hili baada ya kusoma tena kitabu nilichokisoma mara ya kwanza nikiwa msichana wa shule, katika nakala kuukuu ya maktaba iliyokwisha kupoteza jalada. Kitabu chenyewe ni Little Women, riwaya ya mwandishi wa Marekani aliyeitwa Louisa May Alcott. Siku hizo nilikipenda kwa sababu ya vituko vya wasichana wanne wa nyumba moja, wanaogombana, wanaooneana wivu na kuigiza michezo sebuleni. Safari hii nimekisoma nikiwa mama wa watoto, na aliyenigusa zaidi ni yule aliyewaandika.

Louisa alikuwa yule mtu ambaye karibu kila ukoo unaye. Ada ya shule ikikosekana, anaambiwa yeye. Mgonjwa akilazwa, anaambiwa yeye. Paa likivuja, anaambiwa yeye. Kwetu sisi mtu huyo alikuwa dada yangu mkubwa, na nitarudi kwake baadaye. Kwanza wapenzi wasomaji, tumtazame Louisa.

Baba msomi, chungu kitupu

Louisa alizaliwa Novemba 29, 1832 huko Germantown, katika jimbo la Pennsylvania. Walikuwa mabinti wanne. Anna alikuwa kifungua mimba, akafuata Louisa, kisha Elizabeth, na May akawa kitinda mimba. Baba yao, Bronson Alcott, naye alizaliwa tarehe iyo hiyo mwaka wa 1799, kwa hivyo baba na binti walisherehekea siku moja.

Bronson alikuwa mwalimu na mwanafalsafa. Hakuwa mlevi wala mhuni. Katika enzi ambapo kiboko kilikuwa ndicho kitabu cha kwanza cha mwanafunzi, yeye aliamini kwamba mtoto hufundishwa kwa kuulizwa maswali na kusikilizwa. Aliuchukia utumwa, na hakuficha chuki hiyo. Mwaka wa 1839 alimpokea msichana mweusi katika shule yake ndogo mjini Boston. Wazazi wa wanafunzi wengine walipomtaka amwondoe, alikataa katakata. Wakawaondoa watoto wao, na shule ikafa.

Mtu wa aina hiyo hukosi kumheshimu. Hata hivyo, msimamo mwema hauwekwi chunguni ukaiva. Kwa miaka mingi baada ya hapo Bronson hakuwa na kazi ya kumpa mshahara wa kutosha kulisha watu sita. Madeni yalikuwa yamemfika kooni. Rafiki yake, mwandishi mashuhuri Ralph Waldo Emerson, alimsaidia kwa fedha mara kwa mara. Familia ilihama nyumba zaidi ya mara 20 kabla Louisa hajafikisha miaka 30.

Kilele cha mambo hayo kilikuwa mwaka wa 1843. Bronson na rafiki yake Mwingereza, Charles Lane, walianzisha makazi shambani walikopaita Fruitlands, maana yake nchi ya matunda. Walitaka kuishi bila dhambi ya kumnyonya kiumbe yeyote. Hawakula nyama, mayai wala maziwa. Hawakuvaa sufu kwa sababu ni mali ya kondoo, wala pamba kwa sababu ililimwa na watumwa. Hata kumtumia ng'ombe kulima hawakutaka, ingawa baadaye walishindwa wakalegeza.

Nia ilikuwa safi, lakini kazi ilimwangukia nani? Mama yao, Abigail, ndiye aliyepika, akafua, akashona na kuwahudumia wageni waliokuja kujadiliana kuhusu roho. Shayiri ilipokuwa tayari imekatwa na dhoruba inakaribia, wanaume walikuwa wamesafiri kwenda kuhutubu. Mama na watoto wake ndio waliotoka mbio kuiokoa kwa vikapu na shuka. Majira ya baridi yalipoingia, chakula kilikwisha na jaribio lote likasambaratika baada ya miezi kama saba. Bronson aliugua kwa huzuni, akakaribia kufa.

Louisa alikuwa ametimiza miaka 11. Alikuwa amemwona baba yake akilia na mama yake akihesabu kuni. Haukupita muda mrefu kabla ya kuweka nadhiri moyoni kwamba siku moja yeye ndiye atakayewapa watu wake nyumba, chakula na raha.

Vibarua vya kila namna

Nadhiri ni maneno, na maneno hayalipi deni. Louisa alifanya kila kazi ambayo mwanamke wa enzi yake aliruhusiwa kufanya. Alifundisha watoto wadogo, kazi ambayo hakuipenda hata kidogo. Alishona mashuka na mashati ya watu usiku kucha.

Alipokuwa na umri wa miaka 18 hivi alikwenda kuwa mtumishi wa nyumbani katika mji wa Dedham. Alikuwa ameahidiwa kazi nyepesi ya kumliwaza mgonjwa na kusoma vitabu. Alipofika alijikuta anapasua kuni, anachota maji na kuondoa theluji mlangoni. Baada ya majuma saba alifunga virago. Ujira wake wa muda wote huo ulikuwa dola 4. Msomaji ambaye amewahi kuajiriwa kwa ahadi ya asali akalipwa maji, anaelewa.

Wakati wote huo alikuwa akiandika. Hadithi yake ya kwanza kulipiwa ilimpa dola 5, na kitabu chake cha kwanza, hekaya za maua alizomsimulia binti wa Emerson, kilitoka mwaka wa 1854. Lakini mchapishaji mmoja mkubwa wa Boston, James T. Fields, alimshauri ashike chaki tu kwa sababu uandishi haumuwezi. Alimkopesha hata dola 40 za kufungulia shule ya watoto. Louisa alizichukua. Shule haikufika mbali, lakini maneno yale hayakumtoka. Miaka kadha baadaye, alipokuwa amekwisha kutajirika kwa kalamu, alimrudishia Fields dola zake 40.

Nisimwonee baba. Pale Concord, katika nyumba ya Orchard House waliyohamia mwaka wa 1858, Bronson alimtengenezea Louisa kwa mikono yake meza ndogo ya kuandikia, katikati ya madirisha mawili ya chumba chake. Mzee hakuwa na fedha za kumpa bintiye, lakini hakumwambia kamwe kwamba kuandika si kazi ya mwanamke. Ni mababa wangapi wenye fedha ambao wameshindwa kutoa zawadi hiyo?

Vitani, na nywele zilizokatwa

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipopamba moto Marekani, Louisa alitaka kwenda. Mwanamke hakuruhusiwa kushika bunduki, kwa hivyo alipofikisha miaka 30 alijiandikisha kuwa muuguzi. Desemba 1862 alifika katika hospitali ya askari huko Georgetown, Washington. Ilikuwa hoteli iliyogeuzwa wodi, yenye baridi, uvundo na majeruhi waliolala wakingojea kukatwa miguu. Aliwaosha, akawaandikia barua za nyumbani, akawashika mikono walipokata roho.

Hakudumu zaidi ya majuma sita. Alishikwa na homa ya matumbo, akawa anaweweseka. Baba yake alisafiri kwenda kumchukua na kumrudisha nyumbani. Waganga walikuwa wamempa dawa yenye zebaki, ambayo siku hizo ilidhaniwa kuwa tiba, kumbe ni sumu. Nywele zake ndefu, alizozionea fahari, zilikatwa wakati wa homa hiyo. Alipona homa, lakini afya yake haikuwa tena kama zamani.

Msomaji aliyesoma Little Women atakumbuka kwamba Jo, msichana anayefanana na Louisa mwenyewe, anauza nywele zake ili mama apate fedha za kumwendea baba aliye mgonjwa vitani. Linganisha na yaliyotokea. Katika maisha halisi aliyekwenda vitani na kuugua alikuwa binti, na aliyemwendea alikuwa baba. Katika riwaya, baba hayuko nyumbani kwa sehemu kubwa kwa sababu ya wajibu wa heshima, na ndiyo maana wasichana wanafanya kazi. Katika maisha, baba alikuwa nyumbani. Kwa maoni yangu, Louisa alimpa baba yake katika kitabu ule udhuru ambao hakuwa nao duniani. Hiyo nayo ni namna ya kulipa deni.

Barua alizoandika kutoka hospitalini zilifanywa kitabu mwaka wa 1863, nacho kikampa jina. Huku nyuma alikuwa na kazi nyingine ya siri. Aliyaandikia magazeti hadithi za mapenzi, visasi, sumu na wanawake wajanja, bila jina au kwa jina la kubuni la A. M. Barnard. Zilimlipa vizuri kuliko za maadili, na nyumbani palihitaji makaa na viatu. Siri hiyo ilifichuka mwaka wa 1943, zaidi ya nusu karne baada ya kifo chake, wakati muuza vitabu Leona Rostenberg alipoitangaza baada ya kugundua barua za wachapishaji wake wa zamani.

Kitabu ambacho hakutaka kukiandika

Mwaka wa 1867 Thomas Niles, wa kampuni ya uchapishaji ya Roberts Brothers mjini Boston, alimwomba Louisa aandike kitabu cha wasichana. Louisa hakutaka. Alisema hakuwahi kuwapenda wasichana wala kuwajua wengi, isipokuwa dada zake. Lakini baba yake naye alikuwa na mswada wa falsafa aliotaka uchapwe na kampuni iyo hiyo, na Niles aliangalia mambo yote mawili kwa pamoja. Kwa mara nyingine binti alijitwika.

Alianza Mei 1868 na kufikia katikati ya Julai sehemu ya kwanza ilikuwa tayari. Yeye na Niles waliona sura za mwanzo zimepooza. Niles akampa mpwa wake wa kike asome, na msichana huyo akacheka na kulia. Kitabu kilitoka Septemba 30, 1868. Nakala 2,000 za kwanza zilikwisha upesi. Wasichana walimwandikia Louisa wakitaka kujua Jo ataolewa na nani, kana kwamba kuolewa ndilo jambo pekee ambalo mwanamke anaweza kulifanya. Jambo hilo lilimkera. Walitaka aolewe na Laurie, kijana tajiri wa jirani. Louisa alikataa, akampa mume mwingine kabisa, profesa Mjerumani wa makamo asiye na fedha.

Hapa pana jambo ambalo ningependa mabinti zetu walikate na kulibandika ukutani. Niles alimwambia Louisa kwamba angeweza kuuza mswada wake kwa malipo ya mara moja, au abaki na hakimiliki na kulipwa mrabaha kidogo kidogo kila nakala inaponunuliwa. Alimshauri abaki nayo. Familia yenye njaa hutamani fedha za mkononi. Louisa alifuata ushauri, akapokea dola 300 za kuanzia na mrabaha usiofika senti 7 katika kila dola. Laiti angeuza, wajukuu wa mchapishaji ndio wangenenepa. Haba na haba ilijaza kibaba, kisha ghala. Aliyekupa kazi akikupa na karatasi ya kutia sahihi, isome hadi mwisho.

Kulipa mpaka senti ya mwisho

Louisa alilipa madeni yote ya nyumba yao, hata yale ya zamani ambayo sheria haikumlazimisha tena mtu kuyalipa. Alipofikisha miaka 40 hivi aliandika katika shajara yake kwamba nadhiri ya miaka 20 imetimia, ingawa labda imemgharimu afya yake. Kisha akaongeza kwamba kwa kuwa bado yu hai, bila shaka pana kazi nyingine inayomngojea.

Nilipoyasoma maneno hayo niliweka kitabu chini.

Na kazi ilikuwapo kweli. Mwaka wa 1870, akiwa Ulaya kupumzika, alipata habari kwamba mume wa Anna amefariki. Mapumziko yakaishia hapo. Alikaa Roma akaandika Little Men ili watoto wa marehemu wasikose. Mwaka wa 1877 alimsaidia Anna kununua nyumba. May, kitinda mimba, alikuwa na kipaji cha kuchora, na Louisa ndiye aliyemlipia masomo Ulaya. Mchoro wa May ulipokelewa katika maonyesho makubwa ya Paris mwaka wa 1877. Aliolewa huko Ulaya, akajifungua Novemba 1879, na majuma kadha baadaye akafa. Wosia wake ulikuwa kwamba mtoto apelekwe kwa Louisa. Basi mwanamke ambaye hakuolewa, mwenye miaka 47 na maumivu ya viungo, akapokea mtoto mchanga aliyepewa jina lake, Louisa, wakamwita Lulu.

Kuandika kulimlegeza kidole gumba cha mkono wa kulia hata akajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, ili mkono mmoja ukichoka mwingine ushike zamu. Alikuwa na maumivu ya kichwa, ya miguu, ya tumbo. Yeye aliilaumu zebaki ya hospitali. Mwaka wa 2007 madaktari wawili walioyachunguza maelezo ya maradhi yake walitoa maoni kwamba huenda ulikuwa ugonjwa ambao kinga ya mwili huugeukia mwili wenyewe na kuushambulia.

Msidhani alikuwa mtu wa kuvumilia tu. Massachusetts iliporuhusu wanawake kupiga kura katika uchaguzi wa kamati za shule mwaka wa 1879, Louisa alikuwa mwanamke wa kwanza wa Concord kujiandikisha. Siku ya kura mwaka uliofuata, wanawake 20 walijitokeza. Yule baba mwenye maono ndiye aliyependekeza akina mama watangulie kupiga kura.

Bronson alipooza mwaka wa 1882, na Louisa akamgharimia hadi mwisho. Machi 1, 1888 alikwenda kumwona kitandani. Mzee alifariki Machi 4. Louisa naye alifariki Machi 6, akiwa na miaka 55, na wanaosimulia maisha yake wanasema hakuwahi kuambiwa kwamba baba yake amekwisha kutangulia. Lulu alirudishwa kwa baba yake Ulaya. Kabla ya kufa Louisa alikuwa amemwasili mwana mmoja wa Anna kisheria, ili awe mrithi wa hakimiliki na kuwagawia wengine mapato. Hata kaburi lilimkuta ameshapanga nani atakula nini.

Nani humbeba mbebaji?

Orchard House ni makumbusho tangu mwaka wa 1912. Riwaya yake imefanywa filamu mara nyingi, ya hivi karibuni inayojulikana sana ikiwa ile ya mwaka wa 2019. Louisa anasifiwa, na anastahili. Lakini sifa zinaweza kuwa njia nyingine ya kumwongezea mtu mzigo. Tukimwita mtu nguzo ya nyumba, tunasahau kwamba nguzo haiulizwi kama imechoka.

Nilisema nitarudi kwa dada yangu. Aliacha shule akiwa kidato cha pili, akaenda mjini kushona nguo ili sisi wadogo wake wanne tusome. Kila mwezi bahasha ilikuja. Tulimwandikia barua za shukrani zilizoanza na salamu na kumalizika na orodha ya vitu tunavyohitaji. Nimejaribu kukumbuka barua moja ambayo nilimwuliza usiku huwa analala saa ngapi, au macho yake yanasemaje. Sikumbuki.

Baada ya kufunga kitabu cha Louisa nilimpigia simu. Aliposikia sauti yangu aliuliza mara moja, "Kuna nini huko? Nani mgonjwa?" Nilimwambia hakuna aliye mgonjwa, nataka tu kujua hali yake. Alinyamaza kitambo. Kisha akaniambia goti linamsumbua tangu mwaka jana, na kwamba hakutaka kutuhangaisha.

Goti hilo limekwisha kuonwa na daktari, na bili tumechangiana sisi wanne.

Msomaji wangu, ikiwa nyumbani kwenu yuko Louisa, usingoje Jumapili nyingine. Mwulize habari zake kabla hujamweleza zako. Na ikiwa Louisa ni wewe mwenyewe, tua mzigo kidogo, uwaambie watu wako una uzito gani. Huenda miaka yote hii wamedhani ni usufi.

Hadi tukutane tena, kwaherini.